Vidonge vya Kurefuka

Watu wa mtaa ule walimwita Kocha Sponji, na mwenyewe alishalizoea jina hilo kiasi kwamba ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake angegeuka kutazama nyuma, akidhani unamwita mtu mwingine. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro, upande wa kukata. Kutwa nzima alisimama mbele ya msumeno mwembamba unaovuma, akisukuma matofali makubwa ya sponji, na jioni alitoka getini na vipande kwapani, mabaki ambayo msimamizi alimruhusu kuondoka nayo. Vipande hivyo alivifunga kwa kamba kuzunguka nguzo za chuma za magoli ya mpira wa kikapu, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya shule ya msingi, ili watoto wakijigonga wasiache meno yao pale. Ndipo jina lilipozaliwa.

Alikuwa mwanamke mrefu, mrefu hasa, wa kuinama kwenye kila mlango. Ujanani alicheza mpira huo huo kwa sifa, mpaka goti la kulia lilipomtoa uwanjani kabla hajashiba mchezo. Mwalimu wake wa wakati ule aliamini kwamba mtu akisema anaumwa ni mvivu. Yeye alipoanza kufundisha watoto wa mtaani aliapa kwamba hapatakuwa na goti la mtoto litakaloharibika mikononi mwake, na kiapo hicho alikishika kama roho yake. Hakuna aliyeshika mpira kabla ya kupasha mwili moto. Hakuna aliyeruka kabla ya kufundishwa kutua. "Tueni kama paka!" alikuwa akifoka. "Magoti yalegee! Sitaki kusikia kishindo, hapa hatupigi ngoma!" Anayetegea maji ya kunywa alisimamishwa pembeni mpaka amalize chupa yake. Anayekuja na njaa alipewa yai la kuchemsha na ndizi kutoka kwenye mkoba wa kocha, na kugombezwa juu yake.

Kati ya watoto hao alikuwemo binti wa dada yake, ambaye wenzake walimbatiza Nukta kwa sababu ukimtazama kutoka mwisho wa uwanja alionekana kama alama ya kalamu. Alikuwa mfupi, lakini mpira ulimtii. Aliudunda chini kabisa, karibu na vifundo vya miguu, akapenya katikati ya wavulana wakubwa wakabaki wanatazamana. Nyumbani alimwita Kocha Sponji mama mdogo. Uwanjani alimwita Kocha kama wengine, na akikosea alifokewa kama wengine, pengine zaidi.

Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka shule ya michezo, kuchagua watoto wa kwenda kusomeshwa bure. Kocha Sponji aliwapanga watoto wake, nguo zimefuliwa, mioyo iko kooni. Yule bwana hakuomba kuona mtu akirusha mpira. Alitoa utepe wa fundi cherehani mfukoni na kuanza kuwapima urefu. Alipofika kwa Nukta hakujisumbua hata kuukunjua.

"Huyu bado yuko kwenye mbegu," alisema, akacheka, akapita.

Kocha Sponji alimwambia maneno ambayo hakupaswa kuyasema mbele ya watoto, na bwana yule akaondoka amenuna bila kuchagua mtu. Nukta alilia njia nzima. Mama yake, dada mkubwa wa kocha, mwenye saluni ya nywele karibu na kituo cha mafuta, alimpokea mlangoni na kusikia yote. Naye alikuwa mfupi. Alimfuta mwanawe machozi kwa taulo la wateja, akarudi kusuka.

Mambo yakaendelea. Baada ya muda Nukta alianza kubadilika, na Kocha Sponji akafurahi. Mashavu yalijaa. Hamu ya kula ikaja kwa kasi, mtoto akala mayai mawili, akamaliza na la mwenzake. "Mnaona?" kocha aliwaambia wengine. "Huyu anafuata ninachosema. Anakula, analala, anakunywa maji. Mwili unajijenga!" Aliwaonyesha mashavu yale kama mtu anayeonyesha nyumba mpya.

Yapo mengine aliyoyaona akayapa maelezo yake mwenyewe. Uso ulizidi kuwa wa mviringo huku mikono ikibaki myembamba. Akasema ni umri. Chunusi zilijaa mgongoni, umri. Mapajani ilitokea mistari ya zambarau, mipana kama imechorwa kwa kidole, na Nukta akaanza kuvaa suruali ya kubana chini ya kaptura. Akasema mtoto anakua haraka kuliko ngozi yake. Nukta aliyekuwa akikimbia mpaka afukuzwe uwanjani sasa alisimama katikati ya zoezi ameshika kiuno, anahema. Hilo nalo akaliita uvivu wa msimu, kisha akajishtukia kwamba ametumia neno la mwalimu wake wa zamani.

Halafu Nukta alivunjika mkono. Na hapo ndipo mshtuko wa kwanza ulipomkuta kocha, kwa sababu ile haikuwa ajali. Mtoto alirudi nyuma kumkaba mwenzake, akajikwaa, akakaa chini na kujiegemeza kwa kiganja, kama mtu anavyokaa mkekani. Kikasikika kitu mfano wa kijiti kinachovunjika. Nukta aliutazama mkono wake uliopinda pasipo na kiungo, hakulia hata kidogo, akasema kwa sauti ndogo, "Kocha, mbona umekuwa hivi?"

Alifungwa plasta katika zahanati, wakarudishwa nyumbani. Lakini kocha hakupata amani. Alikuwa ameona watoto wakianguka kutoka juu ya ukuta wa shule na kuinuka wakicheka. Mifupa ya mtoto anayekula mayai haivunjiki kwa kukaa.

Kesho yake alikwenda kumsaidia kufunga mkoba wa shule, kwa kuwa mkono ulikuwa kwenye plasta. Ndani ya mfuko mdogo wa pembeni, palipokuwa na kalamu, aligusa kitu laini. Kilikuwa kifuko cha plastiki kisicho na maandishi, kina vidonge vya rangi mbili, vyeupe na vya waridi.

"Hivi ni nini?"

"Vitamini, mama mdogo. Mama ananipa asubuhi na jioni. Vya kurefuka."

"Vya ku-nini?"

"Kurefuka. Mwili unajaa kwanza, halafu ndio mifupa inavutika." Nukta alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayeeleza jinsi ya kupika chai. "Alisema nisikwambie, utakasirika kwamba nategemea dawa badala ya mazoezi."

Kocha Sponji hakukumbuka baadaye alivyofika saluni. Alikumbuka tu kwamba aliinama mlangoni kwa mazoea, na kwamba dada yake alikuwa ameshika kitana.

"Dada, umempa mtoto nini?"

Dada alikitazama kile kifuko, kisha kichwa cha mteja aliyekuwa mbele yake. "Punguza sauti. Nina watu."

Mteja mwingine, aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, alisogeza kichwa nje kidogo ili asikose neno.

"Nani kakuuzia? Mbona havina jina wala boksi?"

"Yule mama wa mkoba, anayepita na losheni. Kila mtu ananunua kwake. Na usiniangalie hivyo. Hukumwona mwanangu alivyolia? Wewe Mungu alikumwagia urefu wote wa nyumba yetu, mimi na mwanangu akatuachia kilichobaki kwenye sufuria. Unajua mtu kupitwa kama kiti? Hujui. Hujawahi kupitwa popote."

Maneno yale yalimchoma kocha mahali ambapo hakuwa amejiandaa kuchomwa. Walikuwa wamekula sahani moja tangu utotoni, na dada hakuwahi hata mara moja kuutaja urefu ule isipokuwa kwa utani. Aliingia chooni nyuma ya saluni, akamwaga vidonge vyote, akavuta maji. Kisha akapita nyumbani kwa dada, akachukua kopo zima lililokuwa juu ya kabati, akalimaliza vivyo hivyo. Nukta alisimama akitazama. "Umeokoka, mwanangu," kocha alimwambia, akambusu utosini. Alirudi kwake akijiona amefanya la maana kuliko yote maishani mwake.

Siku zilizofuata Nukta alikuwa mlegevu. Akatapika. Dada, ambaye alikuwa hasemi na mdogo wake, aliona ni homa ya kawaida pamoja na maumivu ya mkono, akamlaza na kumpa maji ya matunda. Nayo akayatapika. Mchana mmoja mteja wa saluni alikuja mbio kiwandani, akamwita kocha getini. Nukta alikuwa ameinuka kwenda kuoga, akafika mlangoni, miguu ikamkataa.

Hospitalini kocha aliwakuta dada na mtoto kwenye chumba cha dharura. Nukta alikuwa na rangi ya majivu, midomo mikavu, macho yanafunguka na kufunga bila kutazama kitu. Wauguzi walikuwa wakihangaika kutafuta mshipa. Daktari, mwanamke wa makamo aliyepandisha miwani juu ya nywele, aliuliza huku akimpima shinikizo la damu, "Kuna dawa yoyote alikuwa anatumia?"

Dada aliangalia sakafu.

"Alikuwa anatumia," kocha akajibu, na ndani ya sauti yake kulikuwa na majivuno kidogo. "Vidonge vya mtaani vya kurefuka. Lakini nilivitupa vyote chooni. Hajagusa hata kimoja tena."

Mkono wa daktari ulisimama. "Vyote? Kwa mpigo mmoja?"

"Vyote."

"Na alikuwa amevitumia muda gani?"

Dada alijibu kwa sauti isiyosikika vizuri. "Tangu yule bwana wa utepe. Miezi."

Daktari aligeuka, akamwagiza muuguzi sindano kwa jina ambalo kocha hakulielewa, na kila mtu chumbani akaanza kutembea haraka. Ndipo akawaambia, bila kupaza sauti, huku macho yake yakiwa kwa mgonjwa. Vidonge vya namna ile mara nyingi vina dawa kali ambayo mwili una kitu chake kinachofanana nayo, kinachotengenezwa na tezi ndogo zilizokaa juu ya figo. Mtoto akilishwa dawa ile miezi mingi, tezi zinaona kazi yao inafanywa na mwingine, zinalala. Mifupa inadhoofika, uso unajaa maji, watu wanadhani ni afya. "Na ukiikata ghafla," alisema, "tezi bado zimelala. Mwili unabaki mtupu. Hasa mwili ambao ndio kwanza umevunjika mfupa. Hiki ndicho kilichomwangusha. Dawa hii inapunguzwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi. Haitupwi."

Kocha Sponji alisikia kila neno, lakini kama anayesikia kutoka chumba cha pili. Aliitazama mikono yake, mikubwa, yenye vumbi la sponji kwenye kucha, mikono iliyovuta maji ya choo huku ikijisifu. Alitaka kukaa, akakosa kiti, akakaa chini, ukutani, magoti yamemfikia kidevuni.

"Niambie nimemuua," alisema.

"Hajafa," daktari akajibu. "Simama, unaziba njia."

Sindano ilimwingia Nukta, maji yakaanza kushuka kwenye mrija, na kabla jua halijapoa alifumbua macho akaomba kitu cha chumvi. Dada alilia kwa sauti. Daktari alimsubiri amalize, kisha akamwambia lile la mwisho, kwa kuwa lilikuwa lazima lisemwe: kwa mtoto anayekua, dawa ile haimrefushi. Inamzuia. Kama kuna urefu aliokuwa aupate miezi ile, huenda umepotea.

Dada hakulia tena. Alimgeukia mdogo wake kama anayetaka atafsiriwe maneno yale, na mdogo wake akamshika mkono, na wakakaa hivyo, hakuna aliyekuwa na la kumlaumu mwenzake kwa sababu kila mmoja alikuwa na lake.

Daktari aliuliza kama kuna kidonge kilichobaki, wakipime. Hakikuwepo hata kimoja. Na hapo, akiwa bado ameshika mkono wa dada, Kocha Sponji alikumbuka neno lililomtoa jasho. *Kila mtu ananunua kwake.*

Alikwenda moja kwa moja uwanjani. Watoto walikuwa wameshaanza kujipasha moto wenyewe, kama alivyowafundisha. Aliwaita wakae kwenye mstari wa kurushia. Aliwaambia Nukta yuko hospitali, anaendelea. Kisha akauliza, taratibu kabisa, bila ukali, "Nani mwingine hapa anameza vidonge vya kurefuka? Au vya kunenepa? Simchapi mtu. Sifukuzi mtu."

Walitazamana. Kisha mvulana mmoja akainua mkono mpaka usawa wa sikio. Halafu msichana nyuma yake. Halafu yule mrefu kuliko wote, ambaye watu walimwita Ngazi, ambaye hakuwa na shida ya urefu duniani wala mbinguni.

"Na wewe tena! Vya nini?"

"Mama alisema nimekonda, Kocha. Wataniona mgonjwa."

Mikono ikaendelea kupanda. Kocha alizitazama nyuso alizozitazama kila jioni, na kwa mara ya kwanza akaziona: mashavu ya mviringo yakimtazama kutoka kila upande, mashavu yaliyomfurahisha, mashavu aliyokuwa akiwaonyesha wazazi getini. Neno lililomjia mdomoni lilikuwa "Tupeni!" Lilishafika kwenye meno. Akaliuma.

"Nisikilizeni vizuri," alisema, na sauti yake ilimtisha mwenyewe. "Kesho kabla ya shule mnakuja na wazazi wenu, na vidonge vyenu, tunakwenda hospitali pamoja. Mpaka hapo, aliyezoea kumeza asiache. Asiongeze, asipunguze, asitupe. Mnanielewa?"

"Kocha," msichana mmoja aliuliza, "si ni vibaya?"

"Ni vibaya."

"Sasa mbona tumeze?"

Aliwaeleza kama alivyoelezwa, maneno yale yale ya tezi zilizolala, lakini kuwaambia watoto wake kwa mdomo wake wamalize siku yao kwa kumeza sumu ile lilikuwa jambo gumu kuliko lolote alilowahi kufanya uwanjani. Jioni hiyo alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia wazazi. Baba yake Ngazi alimjibu mlangoni, "Mwanangu ana afya tele, angalia shingo ile! Wivu wa nini, Kocha?" Kocha alibaki pale pale mlangoni, ameinamisha kichwa chini ya kizingiti, akarudia habari ya Nukta toka mwanzo, mkono uliovunjika kwa kukaa, miguu iliyokataa, mpaka yule baba akaacha kutabasamu na kwenda kutafuta kifuko.

Asubuhi ukumbi wa hospitali ulijaa. Daktari alishusha miwani yake machoni alipoona ule msafara. Hakuna mtoto aliyekuwa amefikia hali ya Nukta, ingawa wawili walilazwa. Wengine walipewa dawa halisi, kwa vipimo vya kupungua polepole, na tarehe za kurudi. Yule mama wa mkoba, dada alimsubiri saluni, akamfungia mlango, akamleta hospitali yeye mwenyewe huku wateja wawili wakisindikiza, mmoja bado ana rola kichwani. Kocha alikuwa amejiandaa kumrukia. Alipomwona akapoa. Mwanamke yule alikuwa na uso wa mviringo kama sahani, mikono myembamba, na mgongoni amembeba mtoto mwenye mashavu yale yale. Alikuwa ameambiwa na waliomuuzia jumla kwamba ni chakula cha mwili. Naye na mwanawe wakaandikiwa tarehe za kurudi. Vidonge vilivyobaki mkobani vilichukuliwa na watu wa afya, na maofisa wakaenda kuwatafuta wale wa juu yake; kama waliwapata, hakuna aliyerudi kumwambia kocha.

Nukta alikaa nje ya uwanja muda mrefu. Uso ulirudi kuwa wake kidogo kidogo, mistari ya mapajani ikafifia bila kwisha, mfupa ukaunga. Wakati huo Kocha Sponji alikuwa mtu wa kushtukashtuka. Mzazi akimwambia mtoto wake ameongezeka, alikuwa akimwita mtoto pembeni, akimkagua uso kwenye mwanga, akimuuliza anakula nini na nani anampa. Baadhi ya wazazi walisema ameingiwa na wazimu. Alimwomba daktari aje kuzungumza na watoto, na daktari akaja, akakaa kwenye saruji na kuulizwa maswali ambayo kocha hakujua kama watoto wake wanayo: kama kuruka kunarefusha, kama kulala na njaa kunafupisha, kama mtu mfupi anaweza kucheza. Hilo la mwisho aliuliza Nukta, na daktari akasema hajui mpira, amuulize kocha wake.

"Anaweza," kocha alijibu. Halafu, kwa kuwa alikuwa amechoka kudanganya hata kwa nia njema, akaongeza, "Lakini wapo watakaokupita bila kukutazama. Watakuwepo. Mimi sikuwahi kupitwa, kwa hiyo sijui inavyouma. Mama yako anajua. Muulize."

Dada alikuwepo siku hiyo, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alimtazama mdogo wake kwa muda, kisha akatazama pembeni. Walikuwa wanazungumza tena, lakini bado kwa kupima maneno, kama watu wanaotembea kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Siku Nukta aliporuhusiwa kucheza, mama mdogo wake alimpa pasi laini, ya kubembeleza, iliyodunda mara nyingi kabla ya kumfikia. Nukta aliudaka mpira, akaukumbatia, akakunja uso.

"Kocha, umemrushia nani huo? Mgonjwa?"

Wenzake wakacheka. Kocha Sponji akaomba mpira urudi, akavuta pumzi, akamrushia wa kifua, mkali, wa kweli. Ulitua kwenye viganja kwa mlio. Nukta alirudi nyuma hatua moja, mkono uliounga ukastahimili, akauweka mpira chini karibu na vifundo vya miguu na kuanza kukimbia, polepole kuliko zamani, akihema mapema, kuelekea goli.